Visiwa vilivyojificha mbele ya Biharamulo

Baba Neema hakuwa amepanda chombo cha majini tangu mwaka 1996. Kwa msomaji wa Kagera sentensi hiyo haihitaji maelezo, lakini kwa watoto wetu inahitaji. Mei 21 mwaka huo meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Yeye alikuwa kijana wa sekondari, hakufiwa na ndugu, ila alisikiliza redio siku zile mpaka maji yakamwingia moyoni. Tangu hapo, Mwanza anakwenda kwa basi.

Kwa hiyo Neema, aliye darasa la sita, alipouliza swali lake jioni moja hapa Ngara, sikutegemea kama litatufikisha ziwani. Alikuwa ametazama kwenye simu yangu filamu fupi ya visiwa vya kaskazini kabisa mwa dunia, kule kwenye barafu, ambako kuna miezi jua halizami na miezi halichomozi. Visiwa vingi, hakuna kijiji hata kimoja. Akauliza, "Mama, na sisi tunavyo visiwa visivyo na watu?"

Nikamwambia viko, tena si mbali. Baba yake akaendelea kula. Baada ya muda akasema, "Rubondo. Zamani ilikuwa kwetu Biharamulo." Likizo ya Juni tulikwenda.

Ukitoka Ngara mjini unashuka hadi Benako, unaikuta barabara kuu inayotoka Rusumo. Benako ni jina la kampuni ya Kitaliano iliyopiga kambi hapo ikijenga barabara. Kampuni iliondoka, jina likabaki. Halafu Aprili 1994 jina hilo likasomwa kwenye redio za dunia nzima, pale watu takriban 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi. Nilimwonyesha Neema vilima vilivyokuwa vyeupe kwa maturubai. Leo ni mashamba na vichaka.

Kutoka hapo ni malori, matuta na malori tena hadi Nyakahura na Lusahunga, ndipo unakata kwenda Biharamulo. Mdogo wake, Baraka, alilala njia nzima. Biharamulo tulikunywa chai na kulitazama boma la Wajerumani. Mume wangu akaanza kuwahadithia watoto kwamba alipokuwa mdogo, mtu wa Biharamulo akisema "naenda ziwani" alikuwa haondoki wilayani kwake. Bandari ya Nyamirembe ilikuwa yetu, Muganza yetu. Mwaka 2005 Chato ikawa wilaya, na mwaka 2012 ikahamia mkoa mpya wa Geita. Mpaka ulisogezwa kwa kalamu, visiwa vimebaki palepale.

Neno moja kwa wazazi kabla hatujafika majini: ukanda huu una mbung'o, hasa karibu na misitu ya iliyokuwa pori la akiba la Biharamulo, ambayo tangu 2019 imo ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Mbung'o hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Mimi nilimvalisha Baraka sare ya michezo ya bluu, nikajuta.

Kupitia Bwanga na Chato tulifika Muganza, tukashuka hadi gati dogo la Kasenda. Hapo ndipo safari yetu ilipoanza hasa, maana hapo niliona kwa macho jambo nililokuwa nimelisoma tu.

Simama kwenye ufukwe ule utazame mbele. Huoni visiwa. Unaona nchi kavu ng'ambo, mstari mrefu wa vilima vya kijani uliofunga macho kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kilima kimoja kinaishia nyuma ya kingine, na pengo la maji lililo kati yao halionekani mpaka boti ianze kusogea. Neema alisema, "Ile ni Mwanza?" Nahodha wa boti, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufi ingawa jua lilikuwa kali, alicheka. "Ile ni Rubondo, mwanangu. Na pale si Rubondo, ni kisiwa kingine. Na pale ni kingine."

Basi nikawaambia kisa cha mtu aliyedanganywa na vilima hivihivi.

Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa Victoria mwaka 1875 kwa boti yake iliyoitwa Lady Alice. Ilibebwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, ikaungwa ziwani. Aliondoka Machi kutoka Kageye iliyo upande wa Mwanza, akaenda mashariki, akazunguka kaskazini hadi kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akateremka mwambao wa magharibi. Kusudi lake lilikuwa kupata jibu ambalo John Hanning Speke aliliacha nusu: je, hili ni ziwa moja, au ni maziwa kadhaa?

Speke mwenyewe alikuwa amepita karibu sana na hapa. Mwaka 1861, yeye na mwenzake Grant, wakiongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, walipita nchi ya Usui, yaani Rusubi, ambayo ndiyo Biharamulo yetu. Mtawala wa huko, Suwarora, aliwatoza hongo nzito na wala hakukubali kuonana nao. Wakaendelea kwenda Karagwe kwa Rumanika. Katika safari ile Speke hakuliona ziwa mpaka Januari 1862, alipokuwa ameshapita Karagwe na kuingia upande wa Buganda. Kwa hiyo kona hii ya kusini-magharibi aliipita mgongoni.

Stanley angeweza kuimaliza kazi. Lakini Aprili 28, 1875 alitia nanga Bumbire, kisiwa cha Muleba ya leo, akitafuta chakula. Ugomvi ukatokea, boti ikavutwa nchi kavu, makasia yakachukuliwa. Yeye na watu wake walilisukuma boti majini, wakapiga risasi, wakakimbia bila makasia. Waling'oa mbao za ndani ya boti yao wenyewe wakazifanya kafi. Dhoruba ikawasukuma, njaa ikawauma, na walipopata nguvu walikata moja kwa moja katikati ya ziwa kurudi Kageye. Upande huu hawakuukaribia. Waliuona kwa mbali tu, na kwa mbali, kama Neema, Stanley aliona nchi kavu. Akachora pwani mahali ambapo palikuwa na safu ya visiwa, na nyuma yake ghuba kubwa nzima ikapotea kwenye ramani.

(Agosti mwaka huohuo alirudi Bumbire na bunduki nyingi zaidi, akawapiga risasi watu wa kisiwa kile wakiwa ufukweni. Nilijiuliza kama niliseme hilo mbele ya Baraka wa miaka 7. Nililisema kwa kifupi. Ukitaja upande mmoja tu wa safari za watu hawa, mtoto atakuja kuusoma ule mwingine peke yake.)

Neema, ambaye bado alikuwa na barafu yake kichwani, aliuliza kama na kule kaskazini watu walikosea. Walikosea sana. Visiwa vya Franz Josef, vilivyo kaskazini mwa Urusi, vilionekana Agosti 1873 na mabaharia wa Austria ambao hawakuwa wakivitafuta. Meli yao Tegetthoff ilikuwa imenaswa katika barafu na kuburutwa nayo. Mwaka uliofuata Julius Payer alivipitia kwa sleji, akadhani anatembea juu ya nchi kubwa mbili. Akaona pia kwa mbali nchi nyingine mbili zaidi upande wa kaskazini, akazipa majina. Hizo za mbali hazikuwapo kabisa. Ilikuwa ni ukungu, barafu na macho yaliyochoka. Miaka zaidi ya 20 baadaye, Nansen wa Norway na Jackson wa Uingereza walipopita huko, ile nchi kubwa ya magharibi ikavunjika ikawa visiwa vidogo. Leo vinahesabiwa zaidi ya 190.

Ila kuna tofauti, na nilimwambia Neema aishike. Kule kwenye barafu Payer hakuwa na wa kumuuliza. Hakukuwa na mvuvi, hakukuwa na bibi anayechota maji, hakukuwa na mtoto wa kumwambia pale ni kisiwa na pale ni kingine. Huku watu walikuwapo. Wazinza na wavuvi wengine walikuwa wakipita katikati ya visiwa hivi kila siku kwa mitumbwi, wanajua kila mlango wa maji. Stanley alikuwa ameshagombana na watu wa ziwa, akapita mbali nao, na ramani yake ikawa na kosa kwa miaka 14.

Kosa lilirekebishwa kwa miguu. Mwaka 1889 Stanley alikuwa akirudi kutoka bara la ndani akiwa na Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa gavana wa Ikweta, kusini ya Sudan. Msafara ulipita Karagwe, ukashuka Kimwani, ukakata Uzinza kuelekea misheni ya Alexander Mackay kule Usambiro, ambako walifika Agosti. Wakitembea, maji yalikuwa upande wao wa kushoto mahali ambapo ramani ya mwaka 1875 ilisema ni nchi kavu. Ziwa lilikuwa linaendelea kusini-magharibi kuliko alivyodhani, na ile "pwani" yake ilikuwa visiwa vilivyopandana machoni.

Ghuba ile inaitwa Ghuba ya Emin Pasha mpaka leo, katika kila ramani. Emin mwenyewe aliipita kando tu. Mwaka uliofuata alirudi akaanzisha kituo cha Bukoba, na Oktoba 1892 akauawa Kongo. Nilimuuliza nahodha wao wanaiitaje ghuba. Akafikiri. "Tunasema ziwani tu, mama. Ukisema Nyamirembe, mtu anajua."

Majina haya yana bahati zao. Mto wetu wa Kagera, unaopita Rusumo, Stanley aliubatiza Naili ya Alexandra. Nani analikumbuka?

Boti kutoka Kasenda ilituchukua kama nusu saa. Baba Neema alikuwa amefunga jaketi la kuokolea tangu tukiwa kwenye gati, akamfungia Baraka, akavuta mikanda mara mbili, halafu akakaa katikati kabisa akishika ubao kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyemcheka. Nusu ya njia niliona midomo yake inasogea, nadhani alikuwa akihesabu.

Rubondo ni kisiwa kirefu, kilometa karibu 28 kutoka kusini hadi kaskazini, na chembamba, mahali pengine kilometa 3 tu. Pamoja na visiwa vidogo kumi na ushee vinavyokizunguka na maji yaliyo kati yao, hifadhi yote ina kilometa za mraba 457. Kilima cha juu kabisa, Msasa, kina meta 1,486 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko meta 1,134. Msitu umefunika sehemu kubwa, mzito, wenye mizabibu ya porini iliyoning'inia mpaka majini. Ukishuka tu unasikia furukombe. Wako wengi kiasi kwamba baada ya saa moja watoto waliacha kuwaonyesha kidole.

Hakuna simba wala chui. Wapo nzohe, yule swala wa kwenye matete ambaye huku bara hutamwona kirahisi, wapo viboko, mamba, fisimaji, pongo. Hao ni wenyeji. Wengine waliletwa. Katika miaka ya 1960 na 1970, Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyamapori la Frankfurt, pamoja na serikali, walipaona Rubondo kuwa mahali salama pa kuhifadhi wanyama walio hatarini, wakaleta tembo, twiga, mbega na faru. Faru wakaisha kwa ujangili, kisiwa hakikuwasaidia.

Kisa kilichowanyamazisha watoto wangu ni cha sokwe. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Walikamatwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wakaishi kwenye vizimba, wengine kwa miaka mingi. Walirudishwa Afrika kwa meli, wakasafirishwa hadi ziwani, milango ikafunguliwa. Hakuna aliyewafundisha kula matunda ya mwituni wala kujenga kitanda cha matawi. Madume wawili walikuwa wakali kwa watu, wakapigwa risasi. Waliobaki walijifunza. Wajukuu na vitukuu wao sasa ni makumi, wanalala juu ya miti kama sokwe wa Gombe.

Sisi hatukuwaona. Tuliwasikia asubuhi, mbali, kelele zilizoanza na sauti moja kisha zikawa nyingi, na Baraka akanishika mkono.

Tulilala usiku mmoja katika mabanda ya hifadhi pale Kageye. (Usichanganye na Kageye ya Stanley, hii iko kisiwani.) Jioni nahodha alikuja kukaa nasi ufukweni, na Neema akamsimulia ile filamu ya visiwa visivyo na watu. Akasema Rubondo ni kama kule, ila kuna joto.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza, "Nani kakwambia hakukuwa na watu?"

Rubondo ilikuwa na watu. Wavuvi na wakulima wa migomba, wengi wao Wazinza, walioitwa Wanyarubondo. Katikati ya miaka ya 1960, kisiwa kilipofanywa pori la akiba, walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Babu yake nahodha alikuwa mmoja wao. Mzee alinyoosha mkono kuelekea kusini, mahali ambapo mimi niliona msitu tu. "Kule kulikuwa na migomba yake. Baba alinionyesha tukiwa majini, mimi nikiwa kama huyu," akamgusa Baraka kichwani. "Hatukushuka. Alinionyesha tu."

Neema akamwuliza kama anachukia. Nilitaka kumkanya, lakini mzee alijibu taratibu. Alisema hapana, mwanawe mmoja kasomeshwa kwa mshahara wa boti za wageni wa kisiwa hikihiki. Alisema pia kwamba samaki huzaliana katika maji haya yaliyofungwa, na wavuvi wa Muganza wanajua hilo hata wanaolalamika. Halafu akanyamaza, akasema, "Lakini ukimwambia mtu palikuwa patupu, hapo unakosea."

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo. Ramani ya 1875 ilikificha kisiwa, na sasa kisiwa chenyewe, kwa uzuri wake, kinawaficha watu wake. Mtoto akishuka pale, akaona msitu hadi ukingoni na hakuna moshi wa jiko, atadhani Mungu alikiumba hivyo. Sioni kibao kitakachomzuia kudhani. Labda kipo na sikukiona, lakini nilitembea nikitafuta.

Sikatai hifadhi. Nimeona ziwa lilivyochoka kwingine, nyavu za macho madogo na fukwe zisizo na mti. Nasema tu kwamba mzazi anayempeleka mwanawe Rubondo ampeleke na hadithi yote, tembo na migomba.

Kwa anayetaka kwenda: raia wa Tanzania hulipa kwa shilingi, na kiingilio chetu ni kidogo ukilinganisha na cha wageni, kinachogharimu ni boti, kwa hiyo nendeni familia mbili au tatu mgawane. Pigeni simu hifadhini kabla, boti haikai ikisubiri abiria kama daladala. Ulizeni umri wa mtoto anayeruhusiwa kufuatilia sokwe, maana wadogo hawaruhusiwi, na mwenye mafua haruhusiwi hata akiwa mzee, kwa kuwa sokwe hushikwa na mafua yetu na yakawaua. Vukeni asubuhi, kabla upepo haujaamka. Msioge ziwani: kuna kichocho, na kuna mamba, na mamba hasomi ratiba. Bebeni chandarua kama mnatumia chenu, dawa za kawaida za watoto, na chakula. Muganza mtapata sato na ndizi, lakini kisiwani hakuna genge.

Tulirudi siku ya pili saa tatu asubuhi. Maji yalikuwa yametulia kama uji uliopoa. Neema alikaa nyuma karibu na nahodha, daftari likiwa magotini, akijaribu kuchora safu ya visiwa jinsi inavyoonekana tukiondoka. Kila mara alipochora pengo, boti ilisogea na pengo likafunga, akafuta. Mwishowe akaacha, akamwomba mzee amtajie kila kisiwa kwa jina, akaandika orodha badala ya picha.

Baba Neema alishuka wa mwisho. Alisimama kwenye gati, jaketi bado likiwa kifuani, akimsaidia mzee kufunga kamba ingawa hakuombwa. Nilikuwa nimeshawapakia watoto kwenye gari nilipomsikia akiuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kununua, Desemba ziwa huwa linakuwaje.